TSC namba inaanzia kwenye slipu ya KCSE

Karatasi ilizungushwa ofisi ya walimu Jumatano asubuhi kabla ya kengele ya somo la pili. Diputi, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa amechora safu nne kwa rula: jina, masomo, digrii, TSC namba. Kila mtu ajaze zake ampe jirani. Ilipofika kwangu nikaandika jina, nikaandika Kemia na Biolojia, nikaandika BSc, alafu kalamu ikasimama. Mwalimu anayekaa pembeni yangu, mama wa somo la Kiingereza ambaye amefundisha tangu mi niko praimari, akaona. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Acha wazi mwanangu, usiandike kitu." Nikaacha wazi nikapitisha karatasi, na siku nzima nilikuwa naiona ile nafasi nyeupe hata nikiwa naandika ubaoni.

Hiyo ilikuwa mapema 2024. Nilikuwa nimefundisha pale tangu 2021, shule ya kutwa huku kwetu kaunti ya Kilifi, mwalimu wa BOM, yaani yule anayeandikwa na bodi ya shule na kulipwa kwa pesa za wazazi. Elfu tisa kwa mwezi, na mwezi ambao wazazi hawajalipa basi na we unangoja. Kwa wasiojua mambo ya Kenya, TSC ni Tume ya Huduma za Walimu, na sheria yake ya 2012 inasema wazi kwamba mtu asifundishe bila kusajiliwa nayo. Ile namba ndiyo leseni. Bila namba huajiriwi na serikali, huwezi hata kuomba ile intanship ya junior school, sekondari ya chini, iliyokuwa ya elfu ishirini wakati huo, na mwalimu mkuu anayekuweka darasani anajiweka pabaya yeye mwenyewe. Nilikuwa najua hayo yote. Lakini kujua kitu na kukiona kimechorwa kwa rula mbele ya wenzako ni vitu viwili tofauti.

Nataka kuandika hii safari ya kuomba chuo, ile PGDE, diploma ya uzamili ya elimu, kwa sababu watu wengi walio na digrii zisizo za ualimu wananiuliza na kila mara naona wanaanzia pale pasipofaa. Wanaanza na chuo gani, karo ngapi, intake lini. Mi naomba uanze na ile slipu yako ya matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, ile uliyoiweka chini ya godoro ukasahau. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza niseme nilivyofika hapa.

Sikusomea ualimu. Nilifanya KCSE 2012, nikaenda chuo, nikamaliza BSc ya baiokemia 2017, nikapata kazi ya maabara kwa kiwanda kimoja Mombasa, kazi ya kandarasi, miezi sita wanakuongeza miezi sita. Corona ilipokuja 2020 kandarasi haikuongezwa. Nikarudi nyumbani kwa mama, nikamsaidia kukanda mahamri alfajiri na mchana nikawa natuma CV. Mwaka uliofuata jirani akasema kuna shule mwalimu wa Kemia ameenda kujifungua wanatafuta mtu wa kushikilia miezi mitatu. Nikaenda kushikilia. Yule mwalimu aliporudi akapata uhamisho karibu na mumewe, na mi nikabaki.

Sasa nisidanganye, mwaka wa kwanza nilikuwa nafundisha vibaya. Kemia nilikuwa naijua, hiyo sina wasiwasi nayo, lakini nilikuwa naimwaga tu. Nafika Kidato cha Tatu kwenye mada ya moli, naandika ubaoni 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23, nasema hii ndiyo idadi ya chembe kwa moli moja, naandika fomula, nageuka, naona nyuso arobaini na kitu zimefunga kama maduka siku ya Idi. Nikitoa swali watatu wanapata. Nikirudia vile vile kwa sauti kubwa zaidi, watatu wale wale.

Siku moja nikiwa kwa mama asubuhi alikuja mteja akataka korosho, mama akaweka kwenye mizani. Nikamwangalia. Hakuna mtu anahesabu korosho. Ukitaka kujua ziko ngapi unapima uzito, na ukijua moja ina uzito gani basi idadi unaipata bila kuzigusa. Nikaenda darasani na kibahasha cha korosho na nazi mbili. Nikawauliza, dazeni ya mayai na dazeni ya nazi, ipi ina vitu vingi? Wakacheka, ni sawa mwalimu, zote kumi na mbili. Na ipi nzito? Nazi. Basi moli ni dazeni, ila ni dazeni kubwa sana kwa sababu chembe ni ndogo sana, moli ya kaboni ina gramu 12, moli ya magnesi ina gramu 24, idadi ni ile ile. Nikaona uso mmoja ukafunguka, kisha wa pili, alafu kuna kijana kule nyuma ambaye tangu nianze hajawahi kuinua mkono akasema, "Kumbe tunapima ili tuhesabu." Hivyo tu, maneno manne. Miaka minne chuoni hakuna mtu aliyewahi kunielezea hivyo na mi mwenyewe sikuwahi kuiweka hivyo kichwani.

Nilitoka pale na furaha na hofu pamoja. Furaha inajulikana. Hofu ni kwamba nilikuwa nimebahatisha. Kama mama asingepima korosho asubuhi ile ningeendelea kupiga kelele na fomula, na mada inayofuata nitamtoa wapi mteja wa korosho? Kuna watu wamesomea hii kazi, wanajua kwa nini mtoto anakwama na wapi anakwama, nami nikataka kufundishwa hiyo.

Kwa hivyo PGDE nilikuwa naitaka hata kabla ya ile karatasi ya diputi. Lakini kilichonifanya niende taratibu, nichunguze kila kitu kabla ya kulipa hata shilingi, ni yaliyomkuta mwenzangu.

Tulikuwa naye hapo shuleni, mwalimu wa Historia na Kiswahili, BOM kama mimi. Ukipita nje ya darasa lake unasikia kimya cha watu wanaosikiliza, si kile cha watu waliolala. Alikuwa anafundisha biashara ya pwani na watoto wanauliza maswali mpaka kengele inalia na wao bado wamekaa. Huyu alikuwa na BA, akaomba PGDE kwa chuo kimoja, wakamchukua, akalipa karo kwa kuuza kiwanja kidogo alichoachiwa na babake, akasoma likizo zote, akafanya TP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, akafaulu vizuri. Mwaka 2023 akaomba usajili wa TSC onlaini. Jibu lilipokuja tulikuwa tumekaa chini ya mwarobaini. Akasoma kwa simu, akasoma tena, akanipa mi nisome. Akasema, "Ni ile C."

KCSE yake alikuwa na wastani wa B ya kutoa, yaani B minus. Kiswahili A ya kutoa. Historia alipata C kavu, isiyo na plus. Na sharti la TSC kwa mwalimu wa sekondari mwenye digrii ni wastani wa C plus KCSE na pia C plus katika kila somo kati ya yale mawili utakayofundisha. Si siri, limeandikwa, liko wazi kwa yeyote anayelitafuta. Lakini yeye alidhani, na ni nani angemlaumu, kwamba kama chuo kimekuangalia vyeti vyote kikakuandikia barua ya kukupokea basi mahesabu hayo wameshayafanya. Hawakuyafanya. Waliangalia digrii, wakaangalia wastani, wakachukua karo.

Hili linaniuma mpaka leo. Mtu anaweza kubishana kuhusu sharti lenyewe, kama alama ya mtoto wa miaka kumi na minane aliyeketi mtihani na malaria inafaa kumfuata mtu aliyesomea hiyo Historia miaka minne chuoni. Mi nina maoni yangu. Lakini tuseme sharti lina sababu zake. Kwa nini afisa wa udahili asifungue ile slipu, aangalie mistari miwili, amwambie mtu mapema, ndugu, kwa somo hili hutasajiliwa, badilisha au usilipe? Ni kazi ya dakika mbili. Imemgharimu mwenzangu kiwanja cha babake.

Basi jioni ile ile nikarudi nyumbani nikatafuta slipu yangu. Wastani B ya kutoa. Biolojia B. Kemia B ya kutoa. Hesabu C ya kutoa. Moyo ukatulia na ukaniuma hapo hapo, kwa sababu nilikuwa nimejipangia Hesabu na Kemia, kila shule hapa inalia haina mwalimu wa Hesabu na nilikuwa nimechukua yuniti kadhaa za Hesabu chuoni. Nikaifuta. Biolojia na Kemia, basi.

Alafu kuna kitu cha pili ambacho watu wengi hawakijui. Digrii yako iwe na yuniti za kutosha katika yale masomo mawili, kipimo nilichopewa mimi ni yuniti nane kwa kila somo. Sasa mtu wa baiokemia hapo ana kazi. Nilichukua transkripti, ile orodha ya masomo na alama za chuo, na kalamu mbili za rangi, nikakaa sakafuni. Ya kijani Biolojia, ya njano Kemia. Kemia zikafika kumi na moja bila shida. Biolojia nikahesabu sita za wazi, selu, jenetiki, fiziolojia na kadhalika, alafu kuna zile za katikati, enzaimu utaziweka wapi? Metaboli? Sikutaka kujiamulia mwenyewe. Nikaandikia ile idara ya elimu ya chuo nilichokuwa nataka kuomba, nikawatumia transkripti, nikawauliza moja kwa moja, yuniti hizi mbili mnazihesabu kwa somo lipi. Hawakujibu. Nikaandika tena. Wiki ya tatu nikapanda gari nikaenda mwenyewe, nikampata mwalimu mmoja mzee, mpole, akavaa miwani akapitia mstari kwa mstari na kalamu yake, akasema hizi mbili ni Biolojia bila ubishi, unazo nane, andika barua uombe idara ithibitishe na uihifadhi hiyo barua. Nikaandika pale pale. Ninayo mpaka leo kwenye faili.

Kama unasoma hii na digrii yako ni ya mambo kama yangu, ya katikati katikati, usikubali kuambiwa "hiyo ni sawa" kwa mdomo. Watake waandike.

Sasa cheti. Fomu ya kuomba chuo ilitaka kopi ya cheti cha KCSE iliyothibitishwa na wakili, na mi sikuwa na cheti. Nilikuwa na slipu tu. Chuo cha kwanza niliingia na slipu, kazi ya kiwanda wakataka digrii, miaka kumi na moja cheti changu kilikuwa kwenye kabati la shule niliyosoma kwa sababu ya deni la karo, shilingi 23,400. Sheria ya KNEC, baraza la mitihani, ya 2012 hairuhusu shule kushikilia cheti cha mtu, hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mama alikuwa anadaiwa na alikuwa anaona haya kupita karibu na lango.

Nikaenda. Mwalimu mkuu niliyemjua ameshastaafu, aliyepo ni mgeni kwangu. Mhasibu akafungua kitabu kikubwa, akapata jina, akasema deni bado liko. Nikamwambia kwa heshima kwamba nimesoma sheria, lakini sikuja kugombana, nimekuja tuelewane. Akasema hilo ni la mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu yuko mkutanoni. Nikakaa kwenye benchi kutoka saa nne mpaka saa tisa. Watoto wa shule wanapita wananisalimia, "Shikamoo madam," wamejua tu ni mwalimu, sijui kwa viatu au kwa nini.

Mwalimu mkuu aliporudi akaniita ndani, akanisikiliza, akaniuliza nafundisha wapi na nini. Nikamwambia. Akauliza, "Na wewe huko kwako, vyeti vya watoto wenye deni vinakaa wapi?" Nikanyamaza, kwa sababu nilijua vinakaa wapi, hata kwetu kuna kabati. Akainuka mwenyewe akaenda kulitafuta bahasha yangu. Karatasi ilikuwa imeanza kushika madoa ya kahawia pembeni. Nikasaini kitabu, nikampa mhasibu elfu mbili niliyokuwa nayo kwa hiari yangu, nikaahidi nyingine nitamalizia, na nimemalizia, mwezi wa Februari 2025, kwa sababu lile deni lilikuwa la mama na nilitaka apite langoni. Lakini we kama huna, nenda na sheria. Cheti ni chako.

Nilipokifungua kwa gari ndiyo nikaona shida nyingine. Jina la babangu limeandikwa Ramadhani, kwa i mwishoni. Kitambulisho changu kinasema Ramadhan. Herufi moja. Watu wa Pwani wanajua hii hadithi, majina yetu yanaandikwa kila mtu anavyosikia, Mohamed ina m moja hapa na mbili kule, Mwanaisha anakuwa Aisha, jina la babu linaruka. Kwa chuo pengine wangepita juu yake, lakini nilikuwa tayari nafikiria TSC, kule mbele, ambako kila karatasi lazima iseme jina moja. Nikaenda kwa wakili mjini, akaniandikia kiapo kwamba hao wawili ni mtu mmoja, akagonga muhuri, akathibitisha na kopi zote siku hiyo hiyo. Usingoje uambiwe. Weka vyeti vyako vyote mezani kwa mstari mmoja, kitambulisho, KCPE ya darasa la nane, KCSE, digrii, KRA PIN yaani namba ya kodi, usome majina herufi kwa herufi kama mtu anayetafuta kosa kwa mtihani wa mwingine.

Maombi yenyewe, yaani kujaza, yalikuwa kazi ya saa moja kwa saiba, duka la intaneti. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya chuo, unajaza, unaskani, unapakia, unalipa ada ya maombi kwa M-Pesa, unachapisha risiti. Marefa wawili, yaani watu wanaokujua wakuandikie barua. Refa wa kwanza nilimwomba mwalimu mkuu wangu, wa pili yule mama wa Kiingereza aliyeniambia niache wazi. Aliandika barua kwa mkono kwanza akanipa niisome, nikaenda nayo msalani nikalia kidogo, sikujua kwamba alikuwa anasimama nje ya dirisha langu kunisikiliza.

Kilichonichukua muda ni nafasi moja ndogo kwenye fomu, mistari kama kumi, eleza kwa nini unataka kusomea ualimu. Ya kwanza niliandika yale maneno makubwa, ualimu ni wito, nataka kubadilisha jamii, nikasoma nikaona hakuna mtu ndani yake, ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika chaki. Nikafuta. Ya pili nikaandika ukweli mtupu wa njaa, nahitaji TSC namba, nina miaka thelathini, nalipwa elfu tisa. Nayo ni kweli. Lakini mtu anayetaka pesa tu angeshatoka pale zamani sana, kuna pesa nzuri zaidi kwenye bodaboda. Ya tatu nikaandika kuhusu korosho. Kwa Kiingereza, maana fomu ni ya Kiingereza, lakini nilifikiria kwa Kiswahili nikahamisha. Nikaandika kwamba niliweza kuwafanya wanafunzi arobaini na tatu waelewe moli siku moja na sijui nilifanya nini, na kwamba nataka kujifunza ili siku ya pili isiwe bahati. Nikaongeza kijana wa nyuma. Nikaacha hapo, mistari ikabaki miwili tupu.

Pesa. Nilichagua ile programu ya likizo, Aprili, Agosti na Desemba, ili niendelee kufundisha. Inachukua muda mrefu kuliko kusoma mfululizo, lakini nisingeweza kuacha kazi. Karo ya kwanza nilitoa kwa chama chetu cha wanawake, kile cha kuchangiana pesa kwa zamu, zamu yangu ilikuwa Novemba, nikaomba dada mmoja tubadilishane akanipa ya Julai. Hakuniuliza hata ni ya nini. Kama unaweza, uliza pia kama chuo kinakubali kulipa kwa awamu kabla hujakubali nafasi, na hilo nalo waandike.

Barua ilikuja kwa imeili usiku, nikiwa nasahihisha. Mama alikuwa amelala, nikamwamsha nikamsomea. Akauliza jambo moja tu, "Na ile C?" Maana kisa cha mwenzangu nilikuwa nimemsimulia. Nikamwambia mama, mi sina C kwa masomo yangu mawili, niliangalia kwanza. Akasema alhamdulillah akageukia upande wa pili akalala.

Nimeanza Agosti 2024. Sitaeleza kila kitu, mengine ni ya kukaa na kuandika tu, falsafa ya elimu, historia ya elimu, unasoma unafaulu. Lakini saikolojia ya elimu ilinifungua macho, na maikrotichingi zaidi, ile ya kufundisha dakika kumi mbele ya wanafunzi wenzako na unarekodiwa. Nilijiona nikiuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mtu hajafungua mdomo. Nilihesabu, sekunde mbili. Miaka mitatu nilikuwa nawapa watoto sekunde mbili. Nimerudi darasani nikajilazimisha kunyamaza, nahesabu mpaka saba kimoyomoyo, na mikono inaanza kuinuka kwenye ya tano. Hata maazimio ya kazi na maandalio ya somo ambayo nilikuwa naona ni karatasi za kumridhisha diputi, sasa naandika na najua kila sehemu iko pale kwa nini.

TP naanza muhula huu wa pili, Mei 2025, wamenikubalia nifanyie shule hii hii. Hatuna Kidato cha Kwanza mwaka huu, wale wa KCPE ya mwisho ya 2023 wako Kidato cha Pili tayari, kwa hivyo nimepewa wao na Kidato cha Tatu. Nikimaliza kutabaki TSC yenyewe: cheti cha tabia njema, alama za vidole, shilingi 1,050, hicho sijakikimbilia kwa sababu nataka kiwe kipya nikiomba, fomu ya daktari ya GP69, transkripti zote mbili, kiapo cha jina, barua ya yuniti, na ada ya usajili. Faili ni ya bluu, iko juu ya kabati la mama, panya hawafiki.

Na mwenzangu. Hakukaa kimya chini ya ule mwarobaini. Mwaka huu amejisajili KCSE upya, mtahiniwa wa binafsi, kwa sababu ya ile Historia moja. Lakini KNEC hairuhusu uketi somo moja ukapewa wastani, ni masomo saba, na ndani yake lazima kuwe na sayansi. Kwa hivyo Novemba ataketi kwenye chumba kimoja na wanafunzi aliowafundisha, ana miaka thelathini na mbili na watoto wawili. Jioni baada ya magharibi anakuja hapa kwetu na daftari, mama anamwekea chai, nami namfundisha Kemia. Yeye anahesabu ni TP yangu ya mapema. Jana tulikuwa kwenye moli. Nilitoa mizani ya mama nikaweka korosho, nikamuuliza ziko ngapi, akanyosha mkono kuzihesabu, nikamshika mkono nikanyamaza. Nikahesabu mpaka saba. Kwenye ya sita akaniangalia akasema, "Ngoja. Nipe uzito wa moja."